Tuwaonyeshe watoto daftari la nyumba kabla ya kuwachagulia kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba juu ya jambo linalorudi majumbani mwetu kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, likatuachia watoto walionuna na wazee waliokasirika. Jambo lenyewe ni kazi ipi mtoto aelekezwe: ile ambayo moyo wake umeipenda, au ile tunayoamini sisi kwamba itampatia mshahara, pensheni na heshima mbele za watu. Nimesomesha hesabu katika skuli za Mkoa wa Kaskazini Unguja kwa miaka 31, nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo nikiwa mwalimu, nikiwa ami na nikiwa baba, na katika nyumba yangu mwenyewe nilikosea. Kosa hilo nitalieleza hapa chini, kwa idhini ya niliyemkosea.

Kikao chenyewe huwa hivi. Mtoto amekaa pembeni ya mkeka, mikono mapajani. Ameshapita mtihani wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, ameshaitwa mtoto wa sayansi au mtoto wa sanaa, na sasa anatakiwa achague tahasusi au chuo. Anataja anachokitaka kwa sauti ndogo. Shangazi anauliza, "Hicho kina ajira?" Ami anajibu kabla ya mtoto kwamba hakina, kisha anamtaja kijana wa jirani aliyesomea kitu kama hicho na mpaka leo yupo barazani. Mwisho husikika maneno ambayo mimi pia nimewahi kuyatumia, kwamba mapenzi hayajazi tumbo. Mtoto akitoka hapo anafungua simu yake, na humo anakutana na watu wa mbali, waliovaa vizuri, wanaomwambia afuate ndoto zake na asimsikilize anayemkatisha tamaa. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anabaki baina ya sauti mbili, moja ya wazee na moja ya simu, na hakuna kati yake iliyompa kitu anachokihitaji kuliko vyote, nacho ni hesabu: kazi hiyo huchukua miaka mingapi kabla ya kumlisha mwenyewe, na katika miaka hiyo ni nani hasa atakayemlisha.

Nataka niishike hoja hiyo mpaka mwisho wa barua, maana naamini hapo ndipo tunapopotea. Tunagombana juu ya mapenzi na fedha kana kwamba mtoto amesimama kwenye njia panda na lazima ashike moja aiache nyengine, ilhali kila kazi, hata ile tunayoiita ya uhakika, ina kipindi cha njaa mwanzoni mwake. Kwa kazi nyengine kipindi hicho ni miezi, kwa nyengine ni miaka, na daima yupo mtu anayekilipia. Mara nyingi hulipa kimyakimya, na mtoto hamjui.

Kwanza niseme machache juu ya huo uhakika. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Wete, na kwa watu wa rika lake uhakika ulikuwa mkarafuu. Mwenye mikarafuu hakuulizwa atakula nini. Baba alipokuwa kijana, sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilikuwa ikitoka visiwani kwetu, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara zao. Indonesia ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka kiasi kwamba wapo waliopiga hesabu ya wachumaji, magunia na kuchambua, wakaona bora karafuu zibaki mtini. Uhakika ukahamia serikalini, na kila mzee akataka mtoto wake awe karani, mwalimu au mhasibu. Baadaye ukahamia mahotelini, na huku kwetu Kaskazini vijana waliacha nyavu na randa wakajifunza Kitaliano. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia nchini na ndege za watalii zikaacha kuja, nyumba ambazo zilikuwa zikihesabiwa kuwa zimeshavuka zilikosa mshahara katika mwezi mmoja. Ninayataja haya kwa sababu tunapomwambia mtoto "shika kazi ya uhakika" huwa tunamwonyesha mahali uhakika ulipokuwa sisi tulipokuwa vijana, na mara nyingi umeshahama.

Mimi mwenyewe nilitaka kuunda vyombo. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi pale Nungwi, na nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kwake karibu miaka miwili, nikibeba mbao, nikinoa tezo, nikishika upande wa pili wa msumeno. Siku ya kukalafati alinipa pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, nikaisukuma katika mianya ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, na yeye akawa anapita nyuma yangu akigonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Palipojaa sawasawa palitoa sauti kavu, palipobaki na nafasi palilia kama mtungi mtupu, naye hakusema neno, aliweka alama ya mkaa akasogea mbele. Siku za mwanzo alama zake zilikuwa hazihesabiki. Jioni moja nilizihesabu upande mzima wa mashua nikakuta 11. Nilizihesabu tena, kwa kuogopa kwamba nimekosea, nikakuta ni 11 zile zile, na furaha niliyoipata siku ile sikuipata tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Baba akanijia. Hakunikaripia. Alikaa juu ya gogo, akasubiri mjomba aende kusali, akaniambia kwamba chuo cha ualimu kimenipokea na kwamba nyuma yangu wapo wadogo zangu watano. Hakuongeza neno. Nilikwenda.

Kwa miaka mingi niliyahesabu maneno yale kuwa ni dhuluma. Leo nayaona vyengine, maana nikitazama nyuma naona kwamba baba ndiye mtu pekee aliyenipa hesabu ya kweli: karafuu zilikuwa hazimlipi, wadogo zangu walikuwa watano, na mshahara wa mwalimu, pamoja na udogo wake, ulikuwa ukija. Mshahara ule ulisomesha watatu kati ya wale watano, na mmoja wao leo ndiye anayewatibu watu wa kijiji chetu. Ninachokisikitikia, Mungu amrehemu, ni kwamba hatukuzungumza juu ya mwisho wa mzigo ule. Hakuna aliyesema kwamba mdogo wa mwisho akimaliza skuli, mimi niko huru kurudi kwa mjomba, hata kwa siku za mapumziko. Mjomba alifariki, na katika ukoo wetu hakuna aliyebaki anayejua kugonga ubao na kuusikiliza.

Hata hivyo nitakuwa muongo nikisema kwamba maisha yangu yote niliishi na kazi nisiyoipenda. Miaka mitatu ya mwanzo niliichukia kweli. Nilikuwa nikiingia darasani kama mtu anayekwenda kulipa deni la mwengine. Kisha ikaja siku ambayo, baada ya kuchoka kuchora sehemu ubaoni bila ya kueleweka, nilikwenda skuli na kibaba, pishi na mchele wa nyumbani. Niliwaita watoto wapime wenyewe. Mtoto mmoja wa kike wa nyuma kabisa, ambaye hakuwahi kunyosha mkono, alimimina kibaba cha tatu, akachungulia ndani ya pishi, akasema taratibu, "Mwalimu, kumbe robo iliyobaki tunaiona." Ile ilikuwa sauti kavu ya ubao uliojaa pamba. Tangu siku ile nikawa naitafuta kila wiki, na sikuwahi kuona haya kujiita mwalimu. Kwa hiyo wale wanaomwambia kijana kwamba kazi asiyoipenda leo hataipenda abadani, wanasema kitu ambacho mimi sikukiona. Yapo mapenzi ambayo mtu huzaliwa nayo na yapo ambayo huja baada ya mkono kuijua kazi, na haya ya pili hayaji kwa mtu ambaye amelazimishwa bila ya kuelezwa sababu, kwa kuwa huwa bado ameshughulika na hasira.

Nakuja kwenye kosa langu. Binti yangu mkubwa, tangu yuko darasa la tano, alikuwa akichukua vipande vya kanga kuukuu na kuvigeuza nguo kwa cherahani ya mkono ya marehemu bibi yake, Singer nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yameshafutika nusu. Alipofika kidato cha pili alama zake za hesabu zilishuka, nami, mwalimu wa hesabu, nikaona aibu. Niliifungia ile cherahani stoo nikatia ufunguo mfukoni, nikamwambia kwamba ushoni ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Alitii. Alisoma uhasibu, akapata stashahada kwa alama nzuri, kisha tukakaa pamoja kusubiri ajira ambayo mimi ndiye niliyemuahidi. Alisubiri miaka minne. Alikuwa akipanda gari ya Mjini alfajiri na bahasha yake ya kaki, akirudi magharibi na bahasha nyengine, na mara mbili alizoitwa kwenye usaili alikuta wenzake wamejaa mpaka uwanjani kwa nafasi mbili au tatu. Mwaka wa tano alinikuta sebuleni akaninyoshea mkono uliokunjuliwa. Hakusema anataka nini. Nilijua, nikautoa ufunguo.

Msomaji asidhani kwamba kutoka hapo mambo yalifunguka kwa sababu ameipata kazi ya moyo wake. Kwa miaka miwili na nusu kodi ya kibanda chake ilitoka kwenye mshahara wangu, kisha kwenye kiinua mgongo changu. Aliharibu vitambaa vya watu akavilipa. Gauni moja la harusi alilifumua mara tatu usiku mmoja kwa sababu kifua kilikuwa kinavuta upande, na bibi harusi alikuwa anatolewa kesho yake. Nilimkuta alfajiri amekaa chini, pini mdomoni, anapima pindo kwa shubiri kwa kuwa macho yalikuwa yameshakataa kusoma futi. Kipindi cha njaa cha fundi nguo ni hicho, na sisi tulikuwa na uwezo wa kukibeba, ingawa kwa shida. Uhasibu nao haukupotea bure, maana daftari lake la duka limeandikwa mpaka mita ya lasi na kifungo kilichopotea, na wenye maduka wa jirani humpelekea hesabu zao awatazamie. Mwaka 2020 mumewe, ambaye alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya huku, alirudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Cherahani ile ile, ikishona barakoa za kitambaa na baadaye sare za skuli, ndiyo iliyopika chakula cha nyumba yao kwa miezi mingi.

Nilimwomba radhi mwaka huo huo. Alinijibu maneno ambayo nimeyafikiria sana na ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Alisema, "Baba, sikukasirika kwa kunisomesha uhasibu. Nilikasirika kwa ule ufunguo."

Upande wa pili upo, na sitaki kuuficha. Dada yangu yuko Paje, analima mwani tangu wakati ambapo kilimo hicho kilikuwa kigeni katika pwani ile, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaoijua kazi ya mwani wanajua kwamba hufuata maji: bahari ikitoka mama anaingia, anainama, anafunga mbegu kwenye kamba moja baada ya nyengine mpaka maji yamrudishe, kisha anatoka na gunia bichi kichwani akalianike. Mwani mnene wenye bei nzuri, cottonii, umekuwa ukifa kila bahari inapozidi joto, na wakulima wengi wamebaki na ule mwembamba, spinosum, ambao kwa miaka mingi kilo yake kavu imekuwa ikinunuliwa kwa shilingi mia chache. Dada yangu hakuna aliyewahi kumuuliza anapenda kazi gani. Naliweka jambo hilo hapa kwa makusudi, kwa sababu nyuma ya vijana wengi wanaopata nafasi ya kuchagua yupo mtu ambaye hakuipata.

Mwanawe alipokewa katika chuo cha afya akaikataa nafasi, akaja Mjini kujifunza kupiga udi, ala ya nyuzi ya taarab. Kipaji anacho, nimemsikia, na wapo wazee wa taarab waliomsikia wakanyamaza kwa namna ambayo wazee wa taarab hunyamaza wanaporidhika. Kwa miaka minne mama yake alimtumia fedha ya chumba na chakula, na kila alipomuuliza kama hali inaruhusu, mama alimjibu kwamba Mungu ni mkubwa. Hakuna kati yetu sisi wakubwa aliyemweleza zaidi ya hapo. Alikuja kujua alipokwenda nyumbani kwa Sikukuu akafungua daftari la mauzo ya mwani akitafuta mahali pa kuandikia namba ya simu. Akaona kilo, akaona bei, akaigawa kodi ya chumba chake kwa bei ya kilo moja. Aliniambia kwamba alilifunga daftari akatoka nje, na maji yalikuwa yametoka, na wanawake walikuwa mbali kule wameinama, na hakuweza kumtambua mama yake ni yupi.

Leo kijana huyo hufanya kazi ya mapokezi katika hoteli asubuhi na usiku hupiga udi, na kila mwezi humtumia mama yake fedha. Nilimuuliza, kama angeliona daftari lile mapema, angekwenda chuo cha afya? Alifikiri kisha akasema asingekwenda, lakini ile kazi ya hoteli angeitafuta mwaka wa kwanza. Naona jibu lake lina maana kubwa. Kosa halikuwa kuupenda udi, wala mama hakukosea kumpenda mwanawe. Tulichokosea ni kumficha kijana gharama yake, tukidhani tunamhurumia, na kumbe tulikuwa tunamnyima nafasi ya kuwa mtu mzima.

Hata tunapowasimulia watoto habari za watu wetu waliofika mbali, tunairuka sehemu hii. Siti binti Saad alitembea na vyungu vya Fumba kichwani akiviuza kabla ya watu kuijua sauti yake, alipohamia mjini alihitaji watu wa kumfundisha, na alipokwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928 alikuwa anakaribia miaka 50. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa hapa Unguja, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 na akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na kwa sehemu kubwa ya muda uliopita baina ya hapo alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Darasa lilimlisha huku akiandika. Mtoto anayetaka kuimba au kuandika anastahiki kuambiwa habari ya vyungu na habari ya darasa, si habari ya tuzo peke yake.

Ombi langu kwa wazazi, basi, ni kwamba kabla ya kumuuliza mtoto anataka kuwa nani, daftari la nyumba liwekwe kwenye mkeka. Aelezwe kinachoingia na kinachotoka, deni lililopo dukani, mdogo wake anayeanza skuli mwakani, bibi anayenunuliwa dawa. Mtoto wa miaka 17 anazielewa hesabu hizi; nimewasomesha watoto wa umri huo maisha yangu yote na ninajua kwamba wanachotuzidi ni ukweli. Aelezwe pia nyumba inaweza kumbeba kwa miaka mingapi bila ya kuvunjika, iwe mitatu, iwe mmoja, iwe haiwezi kabisa. Kisha naye aulizwe atafanya nini katika miaka hiyo, atajifunza kwa nani, na mkono wake wa pili utashika nini ili mzigo upungue. Yakikubaliwa, yaandikwe. Baba yangu angekuwa na karatasi ya namna hiyo, nami ningelikuwa na tarehe ya kurudi Nungwi.

Nyumba haziko sawa na sitaki barua hii isomwe kama kwamba zote zinaweza kutoa jibu moja. Nyumba isiyo na kitu ikimwambia mtoto kwamba haiwezi kungoja, haimdhulumu, inamweleza hali, na mtoto aliyeelezwa hali hutafuta njia ambayo sisi hatukuiona. Nyumba yenye uwezo inayomkatalia mtoto miaka mitatu ya kujaribu huwa mara nyingi inaogopa maneno ya watu, na woga huo hauna haki ya kuitwa hekima. Mtoto wa kwanza naye tumtazame kwa jicho la huruma zaidi. Sisi humpa ndugu zake awabebe kabla hajajua mabega yake yana nguvu gani, na tukishamtwika hatumwambii atatua lini. Na la mwisho katika haya, makubaliano tunayoyafanya na watoto wa kiume tuyafanye na wa kike vile vile. Nimesikia mara nyingi mno, na nimeshasema mwenyewe, kwamba msichana hana haja ya kuhangaika kuchagua kwa kuwa ataolewa. Nimeeleza nani aliyelisha nyumba ya binti yangu mwaka 2020.

Skuli zetu zina walimu wa ushauri nasaha, wengi wao wakiwa wameongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyao, na wanachoweza kumpa mtoto huwa ni orodha ya vyuo na alama zinazotakiwa. Ningependa apatikane mtu wa kuwaeleza watoto muda: mwanafunzi wa uuguzi anaanza kupokea mshahara baada ya muda gani, fundi umeme aliyetoka chuo cha amali anapata kazi yake ya kwanza vipi, mvuvi aliyenunua mashine kwa mkopo anaumaliza lini. Hapa kwetu Mkokotoni tuna kituo cha mafunzo ya amali, kama walivyonacho wenzetu wa Mwanakwerekwe na wa Vitongoji, Pemba, na bado nasikia wazazi wakimtisha mtoto kwa kukitaja, "Ukifeli utapelekwa amali." Mtoto aliyeupenda useremala tangu mdogo anaisikia kazi yake ikitajwa kama adhabu, na ile niliyoifanya mimi kwa ufunguo mmoja, hapo tunawafanyia watoto wa wilaya nzima kwa maneno.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, nakuomba wewe na gazeti lako mtufanyie jambo moja. Anzisheni safu, hata mara moja kwa wiki, ambamo mtu wa kazi moja ataeleza kwa maneno yake alivyoianza: alijifunza wapi, alikaa miaka mingapi kabla ya kujitegemea, nani alimlisha katika miaka hiyo, na anapata nini sasa. Aje muuguzi wa Chake Chake, aje mkulima wa mwani, aje fundi wa milango ya nakshi, mhasibu, mpiga kanuni wa taarab, mwongozaji watalii, mwalimu. Asitakiwe kuwapa vijana nasaha, aeleze hesabu yake tu, na vijana watajua wenyewe la kufanya nayo. Mimi niko tayari kuandika ya kwanza, na kiasi cha mshahara wangu wa kwanza bado ninacho kwenye karatasi. Binti yangu amekubali kuandika ya pili, kwa sharti kwamba atatumia daftari lake la duka na mimi nisiisahihishe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mkokotoni, Unguja.